Nani Aseme Ugali Umeiva

Torano, juu ya Carrara
9 Januari 1966

Shemeji yangu Ateo,

Pokea salamu za mlimani, na za wachache tuliobaki. Natumaini kifua chako kinakuacha ulale, na kwamba huko Marseille unapata mtu wa kukuwekea supu mezani. Mimi, ukitaka jibu la adabu, sijambo. Ukitaka la kweli, miguu imevimba kama mikate, moyo unapiga kama mlevi anayepanda ngazi, na daktari ameacha kunikataza kahawa. Daktari akiacha kukukataza vitu, ujue.

Usishtuke, wala usinihurumie. Nimewafundisha kusoma nusu ya watu wa machimbo haya. Nimependwa na kaka yako Ribelle mpaka siku aliyofumba macho. Kitanda changu kimesogezwa dirishani, na asubuhi mlima unapokuwa mweupe, kwa theluji au kwa marumaru, siulizi ni kipi, nauangalia tu. Nimeshiba. Limebaki jambo moja kooni, na wewe ndiye wa kuambiwa kwanza.

Lakini nianze na habari za ukumbi wa kikundi chetu. Utakuwa umesikia kwamba msimu uliopita, majani yalipokuwa yakipukutika, shirikisho la waanarkisti wa Italia, yaani wapinga mabwana na serikali, limepasuka. Wanaotaka kujipanga huku, wasiotaka kupangwa kule. Hapa kwetu mpasuko umefika ukiwa umechelewa, kama fasheni. Goliardo, yule mtoto wa fundi viatu, ambaye sasa ana kipara, anataka tuingie katika shirikisho, tuwe na kanuni, katibu na mwenyekiti. Fosco anamjibu: "Katibu leo, waziri kesho, polisi keshokutwa." Umri wake ni kama wangu na sauti bado ni ya kuita watu kutoka bonde la pili. Tangu nilazwe, mikutano haina mwisho. Watu wanatoka humo wamenuna. Sasa wamekubaliana jambo moja tu, kwamba Jumapili ya kwanza ya Machi watajenga ukuta katikati ya ukumbi, kila upande uwe na mlango wake. Matofali yameshaletwa. Katika mji wa marumaru, Shemeji, wameleta matofali!

Unakumbuka jinsi baba mkwe alivyokianzisha kikundi kile. Wewe unajua, ila niache nisimulie, mgonjwa hana kazi nyingine. Ujanani aliwahi kushuka na wenzake katika maasi, wakafika darajani wakasimama. Hakuna aliyetaka kuamrisha, hivyo hakuna aliyejua waende kushoto au kulia. Wakakaa hapo wakijadiliana mpaka askari wakaja kuwasaidia kuamua. Alipotoka gerezani alisema kujipanga ni lazima, lakini bwana hatamtaka tena. Kengele wakaikataa, kwa kuwa anayeipiga anakuwa mkubwa. Saa wakaikataa, kwa kuwa ni ya mwenye machimbo. Ndipo akasema: "Tutaanza sufuria ikiinjikwa, tutaacha ugali ukiiva. Ugali hauna chama." Wakapiga makofi. Hiyo ndiyo ikawa katiba yetu yote.

Nami nilipoolewa nikapewa mwiko, kwa kuwa ukumbini kulikuwa na wapenda uhuru wengi na wapishi hakuna.

Sasa sikiliza. Mwaka ule wa migomo mikubwa, kabla mashati meusi ya mafashisti hayajaja, nusu walitaka tuingie katika chama cha wafanyakazi. Nusu wakasema chama ni serikali iliyovaa nguo za kazi. Fosco, enzi hizo ana nywele, aliinua benchi juu ya kichwa cha mtu. Ugali ulikuwa bado unanuka unga. Nikagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, nikaita: "Umeiva!" Fosco akalishusha benchi, akalikalia. Walikula ugali mbichi, hakuna aliyesema neno. Jumapili iliyofuata walikuwa wamepoa, wakaingia katika chama.

Baada ya hapo mkono ulizoea. Msemaji akipotea njia, nilichochea haraka. Nikiona wanakaribia kuelewana, nilimwaga maji baridi kidogo, ugali ukachelewa, wakaelewana. Walikuwa macho dhidi ya kila mwenye kengele na kila mwenye kiti kirefu. Mwanamke aliyewapa mgongo akisonga, nani amtazame? Kikundi kisicho na mwenyekiti kilikuwa na mwenyekiti, Shemeji. Alikuwa mimi.

Na ile Jumapili ya mwaka arobaini na tano, vita vimekwisha, shirikisho ndiyo kwanza linaundwa. Ulihutubia vizuri kuliko siku zako zote, ukageuka kuomba mikono iinuliwe. Ribelle alikuwa upande wa pili wa ukumbi, hataki, uso mweupe kama vumbi la kazini. Niliona kwamba mikono ikiinuliwa, ndugu wawili hawatakula tena meza moja. Nikagonga mwiko. Watu wakainukia sahani. Ulinitazama mara moja, nikajua umejua. Wiki ile ile ukapanda treni ya Marseille.

Mikono haijainuliwa hadi leo. Kikundi hakijawahi kuingia wala kukataa kuingia. Kwa hiyo kimeishi.

Nataka ushauri wako. Niwaambie kabla sijaenda? Wakijua wametawaliwa na mwiko miaka yote hiyo, huenda ukuta ukajengwa kesho yake. Nikinyamaza, utajengwa vilevile, maana sipo jikoni. Kikundi hiki ndicho mtoto wangu. Sitaki kukiacha kikikatwa katikati kwa matofali.

Shemeji yako,
Zelinda


Torano
3 Februari 1966

Shemeji,

Hujambo? Mimi bado nipo. Nimeuliza kama posta imegoma, wakaniambia hapana, kwa mara ya kwanza imefanya kazi mwezi mzima.

Jirani yangu Norina, anayenipikia na kunigeuza kitandani, jana aliniuliza: "Bi Zelinda, si ajabu huyo shemeji yako amekufa?"

Nikamwambia: "Ateo? Hawezi. Hana pa kwenda."

Akajifanya hakucheka. Norina huenda kanisani, lakini anajua vizuri kwamba baba mkwe alimwita mwanawe wa kwanza Ribelle, yaani Mwasi, na wa pili Ateo, yaani Asiye na Mungu. Mwasi wetu hakuwahi kuasi hata supu iliyopoa. Nawe nasikia unachonga malaika wa makaburini. Wazazi wapange, watoto wapangue.

Ninalala nikiikumbuka miaka ya mashati meusi, ukumbi umefungwa, mikutano imepigwa marufuku, na sufuria imefukiwa chini ya vifusi vya machimbo. Tuliifukua wenyewe, unakumbuka? Wewe ulishika sikio moja, Ribelle jingine. Tukakutana jikoni kwangu, kwa sababu hakuna sheria iliyokataza watu kula ugali. Yule askari akaingia ghafla, akakuta kumi na watano tumeuzunguka ubao uliomwagiwa ugali, akauliza: "Huu ni mkutano wa nini?" Ukamjibu: "Wa njaa, bwana mkubwa. Karibu, ila kijiko uje nacho." Akala! Akala, akasifu maharage, akaondoka. Nikawaza, haya ndiyo mambo yetu. Wengine nchi nzima walikuwa na magazeti, vyama, ofisi, vyote vikachomwa moto. Sisi tulikuwa na sufuria, nayo haiungui.

Jumapili ya ukuta iko palepale. Kama umenikasirikia, andika kwamba umenikasirikia. Kimya ni cha mapadri na polisi.

Shemeji yako anayesubiri,
Zelinda


Marseille
11 Februari 1966

Shemeji Zelinda,

Salamu kwako, kwa mlima, na kwa Norina aliyeniua mapema. Nilikuwa hospitali. Vumbi la marumaru, wanasema, limetengeneza chimbo ndani ya kifua changu. Nimetoka Jumanne, nikakuta barua zako mbili chini ya mlango, nikazisoma nikiwa bado na koti. Sasa naweza kupanda ngazi nikipumzika kila kituo kama treni ya mizigo. Vinginevyo sijambo. Malaika wanalipa vizuri. Wote nimewapa uso wa Ribelle, kwa kuwa ndio uso pekee wa upole ninaoujua kwa moyo. Makaburi yote ya mashariki ya mji huu yanalindwa na kaka yangu, na hakuna padri anayejua.

Sikukukasirikia. Keti vizuri kwenye mito yako, nawe usikie langu.

Nani alikuwa analeta kuni, Zelinda?

Mimi. Tangu nikiwa kijana. Mpishi hageuki kutazama watu, na mleta kuni hatazamwi na mtu. Nilikuwa na mafungu mawili nyuma ya mlango, kavu na mbichi. Nikitaka mkutano uishe, kavu. Nikitaka hoja yangu ipate muda, mbichi, moshi, kikohozi, sufuria inapoa. Ile Jumapili nilitia magogo ya mti wa chestnuti yaliyokatwa asubuhi ile ile, bado yanatoa maji. Nilihitaji muda wa kuwazunguka kwa maneno mpaka wachoke kunikatalia. Kwa hiyo ulipogonga na kuita "Umeiva", mimi ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwa hakika kwamba ugali ule usingeweza kuiva. Ndiyo maana nilikutazama.

Nikapokea sahani yangu. Nikaonja unga mtupu. Nikawaza: huyu mwanamke amenizuia nisiwashinde kwa hila, naye amenizuia kwa hila. Mimi niliyetaka kuunganisha watu wa Italia nzima bila bwana, nimesimama hapa na harufu ya kuni mbichi mikononi. Niliona haya, Shemeji. Aibu si hasira, lakini vyote viwili hupanda treni moja. Nilidhani umenishika. Nikawa nasubiri uandike kunisuta. Hukuandika. Ribelle alipofariki nilipokea telegramu yako ya maneno matano, nikafika mpaka stesheni na mzigo wangu, nikarudi. Hilo halina mzaha, na silisamehe.

Ushauri wangu: usiwaambie. Mtu aliyeishi miaka arobaini akiamini yuko huru, umwamshe kwa nini? Tafuta mtu wa kushika mwiko.

Shemeji yako, mleta kuni,
Ateo


Torano
17 Februari 1966

Shemeji wewe!

Salamu, na pole ya kifua, na laana ndogo ya kifamilia. Nilisoma barua yako nikacheka mpaka nikakosa pumzi, Norina akaja mbio na mshumaa, akidhani ndiyo safari. Nikamwambia: "Zima huo. Nimegundua tu kwamba sikutawala peke yangu."

Serikali ya mseto, Ateo! Mimi mwiko, wewe moto, kila mmoja anajiona mfalme. Kumbe ndiyo maana baadhi ya Jumapili nilisonga mpaka bega likafa ganzi na ugali hautaki. Nikaulaumu unga. Nikamlaumu msagaji, maskini, nikamhama!

Habari ya stesheni imeniliza kidogo. Nimelia, nimefuta macho, imekwisha. Ribelle hakuwahi kukusema vibaya. Kila mwaka kuni zilipoletwa alikuwa akisema: "Hakuna anayezipanga kama Ateo." Sasa nikifikiri, sijui alimaanisha nini.

Ushauri wako naukubali. Tusiwaambie. Ila mtu wa kushika mwiko nimeshampata. Njoo. Mimi siwezi hata kushuka ngazi zangu. Panda treni ile ile, pumzika kila kituo. Sufuria iko kwa Norina, anaogeshea mbwa, nimemwambia aisugue kwa siki na chumvi mpaka ing'ae. Unga wa mahindi upo, maharage na kabichi nyeusi vipo, na mafuta ya nguruwe ya kijiji cha Colonnata, yale yaliyolala kwenye sanduku la marumaru, nimekuwekea kipande. Waambie umekuja kuniaga na ungependa kuwapikia kwa ajili ya zamani. Hawatakataa, ni wapinga mabwana, si wapinga chakula.

Kisha usiwape uso. Sikiliza kwa mgongo kama nilivyokuwa nikisikiliza. Ukiona mtu anashika tofali, gonga.

Nakungoja. Na huyo ninayemngoja mwingine, nimemwambia asubiri kwanza, kwa kuwa nina mgeni.

Shemeji yako,
Zelinda


Jikoni mwa ukumbi, Torano
Jumapili, 6 Machi 1966

Shemeji,

Salamu kutoka chini ya dirisha lako. Jana uliponishika mkono na kusema nimezeeka vibaya nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga. Norina amesimama mlangoni ananihimiza, maana barua hii inakuja pamoja na sahani, na sahani inapoa.

Nilifanya ulivyoniagiza. Kuni kavu, naapa kwa chochote utakacho. Maji, chumvi, unga, mwiko. Nikawapa mgongo. Goliardo akaanza kupanga watu: "Wanaotaka shirikisho, upande wa dirishani. Wasiotaka, upande wa mlangoni."

Fosco akamvamia: "Usitupange pande, wewe askari wa barabarani!"

"Basi kaa unapotaka, lakini ukuta unapita hapo ulipo!"

"Upite! Nitajengewa ndani, mtanipitishia divai kwa tundu!"

Wengine wakacheka, wengine wakasimama. Nikasikia tofali likiinuliwa, tofali lina sauti yake. Nikageuka, mwiko mkononi, na unajua nilichokiona? Thelathini na kitu, wazee kwa vijana, wananitazama. Hata aliyeshika tofali ananitazama. Walikuwa wanasubiri nigonge.

Mkono ulikataa, Zelinda. Nilijaribu. Nilijiona tena na ile sahani ya unga mbichi. Nikawaambia yote. Wewe na mwiko, mimi na kuni, benchi, maji baridi, Jumapili ya arobaini na tano. Najua tulikubaliana. Nisute kesho.

Goliardo akawa mwekundu. "Miaka yote hiyo? Huu ni utawala wa siri!"

"Haya, umeujua," Fosco akamwambia. "Mpindue. Yuko kitandani, hawezi kukimbia."

"Wewe hukasiriki?"

"Nikasirikie nini? Ule mwaka wa benchi tumbo lilinisokota siku tatu. Unadhani sikujua ni mbichi?"

"Na hukusema!"

"Niseme nini, kijana? Nilikuwa na benchi juu ya kichwa, natafuta pa kulishusha kwa heshima."

Hapo mzee mmoja nyuma akasema hata yeye alijua. Na mwingine. Na mjane mmoja akasema wanawake wote walijua, na kuhusu kuni pia, kwa kuwa moshi haujifichi. Ribelle alijua, Shemeji. Fosco anasema Ribelle ndiye aliyemwambia kuhusu mafungu mawili nyuma ya mlango, akamwomba asitusumbue, maana tulikuwa tunafurahia kazi yetu.

Nilikaa chini. Kifua, na mengine.

Basi wakaanza upya. Goliardo anataka mshika mwiko achaguliwe kwa kura, kwa mwaka mmoja. Fosco anataka asiwepo kabisa. Wakiwa hapo, mtu akapiga kelele: "Unaungua, nyie!" Goliardo ndiye aliyekuwa karibu. Akaruka, akashika mwiko, akasonga kwa koti lake la Jumapili. Bega likamchoka haraka, hajazoea. Fosco akamnyang'anya: "Hujui hata kusonga, unataka kuongoza Italia." Naye akachoka. Ukapita mkono kwa mkono. Nikagundua kitu kizuri: mwenye mwiko ana pumzi ya kusonga tu, ya kuhutubia hana. Sijawahi kuusikia ukumbi huu ukisema maneno machache hivyo na kusikilizana hivyo. Nusu ya madai ya Goliardo yamekubaliwa na Fosco mwenyewe, jasho likimtoka, kwa sharti kwamba yasiitwe kanuni. Matofali wameyakalia, kwa sababu mabenchi hayatoshi.

Tatizo limebaki moja. Nani aseme umeiva? Wapishi thelathini, maoni thelathini. Fosco anasema tayari, ni mara ya kwanza maishani mwake anataka mkutano uishe. Goliardo anasema bado. Kura hawaitaki. Mimi hawaniamini tena, na wana haki. Mwishowe wamekubaliana wote, bila hata mmoja kupinga, na ukiuacha ule ukuta, hili halijatokea tangu ulazwe: upelekewe wewe uonje. Wanajua sasa wanamwuliza nani, nao wameamua wenyewe kumwuliza.

Sahani ni hii. Uma umo ndani ya leso. Huku hakuna anayekula. Wamekaa juu ya ukuta wao, wanakusubiri.

Shemeji yako,
Ateo


Juu, dirishani
Jumapili hiyo hiyo

Shemeji,

Nawasalimu wote. Nimeketishwa, nimeonja, nimeonja tena. Ugali una madonge, upande mmoja umeungua, na kuna mtu ametia chumvi juu ya chumvi ya mwenzake.

Haujaiva. Endeleeni.

Shemeji yenu,
Zelinda